Mkono, Ndugu na Saa: Kuhusu Mafunzo ya Kiangazi ya Wakalimani wa Mahakama

Mafunzo ya kiangazi yaliyoanzishwa mwaka 1983 katika Chuo Kikuu cha Arizona, mjini Tucson, yafaa kuchunguzwa na kila atakaye kufundisha ukalimani wa mahakama. Sheria ya Marekani ya mwaka 1978 ilikuwa imezitaka mahakama za shirikisho ziwe na wakalimani waliothibitishwa, na mtihani wa kwanza wa Kihispania ukatolewa mwaka 1980. Ilibidi watahiniwa waandaliwe. Kwa wiki chache, mwanafunzi ambaye tayari anazijua lugha mbili hufanyishwa mazoezi mazito: kumfuatisha msemaji huku akiwa nyuma yake kidogo, kuandika vidokezo, kusoma hati ya Kiingereza na kuitamka kwa Kihispania, kisha kujisikiliza. Hilo la mwisho ndilo bora kuliko yote. Mtu hudhani amesema kila kitu mpaka aisikie sauti yake mwenyewe ikiruka tarehe.

Nguzo ya mafundisho ya aina hii imeelezwa na González, Vásquez na Mikkelson katika kitabu chao *Fundamentals of Court Interpretation* (1991): mkalimani asiongeze, asipunguze, wala asipambe; hata matusi na kusitasita kwa shahidi kuvuke kama kulivyo. Kanuni hiyo ni ya haki. Hakimu akisikia usemi uliosafishwa, amemsikia mkalimani, hakumsikia shahidi.

Lakini kanuni yenyewe imekomaa baina ya lugha mbili ambazo huyagawanya mambo mengi kwa namna moja. Kihispania, kama Kiingereza, kina neno la kiganja na vidole vyake, na jingine la sehemu iliyo juu ya kifundo. Shahidi wa Kiswahili asemapo “alinikata mkono”, Kiingereza kitadai kujua ni wapi. Asemapo “ndugu yangu alikuwapo”, kitadai kujua kama ni mwanamume au mwanamke, wa tumbo moja au wa ukoo. Na asemapo “saa nne usiku”? Kwa mtu wa Mombasa hapana shida: ni saa kumi kwa hesabu ya Kizungu. Bali wapo wasemaji wa Kongo, nao ni wengi miongoni mwa wakimbizi waliopokewa Marekani, wahesabuo saa kwa mtindo wa Kifaransa. Huyo huenda amekusudia karibu na alfajiri. Saa sita zatosha kumweka mtu mahali pa mauaji, au kumwondoa.

Hapo mkalimani anayechagua kimya kimya ameongeza, ingawa hakuna atakayemkamata. Maadili ya kazi humruhusu kuomba idhini ya hakimu amwulize shahidi, ila katika mazoezi ya kasi kuomba huelekea kuonekana kama kukwama. Mtihani wa mdomo wa shirikisho, wenye vipengele 220 vya kusahihishwa, hupima kilichovuka. Swali jema lililoulizwa kwa wakati wake halina alama.

Nchini Kenya, Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 humpa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo, na aghalabu kazi hiyo humwangukia karani wa mahakama mwenye majalada mengine mezani. Atakayewatungia makarani hao mafunzo ya likizo na achukue kinasa sauti cha Tucson na bidii yake. Zoezi la kwanza, hata hivyo, na liwe la kusimama: kumwomba hakimu, kwa sentensi moja isiyoegemea upande wowote, ruhusa ya kumwuliza shahidi ni mkono sehemu gani.