Risasi Iliyokosa Shabaha: Uhakiki wa Mchezo wa IL-2 Sturmovik

Mchezo wa kompyuta uitwao IL-2 Sturmovik, uliotengenezwa Moscow na kampuni ya Maddox Games na kutolewa mwaka 2001, humweka mchezaji ndani ya ndege za Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wengi wameusifu kwa ndege zake. Uhakiki huu unahusu risasi zake, kwani hapo ndipo mwalimu wa Kiswahili ana la kusema.

Ubora wa mchezo huu ni kwamba risasi zake hazilingani. Mkanda mmoja huweza kuchanganya risasi za kutoboa bamba la chuma, za kuwasha moto, na zile zinazoacha mstari wa mwanga ili rubani aone anakolenga. Mizinga ya milimita 20 huongeza zinazolipuka. Risasi ya milimita 7.7 hutoboa bawa na ndege ikaendelea kuruka. Ile ya mzinga wa Kijerumani MG 151/20, yenye ganda jembamba lililojaa baruti, huweza kulirarua bawa hilohilo. Mahali palipopigwa nako kuna uzito wake: tangi la mafuta, injini au nyaya za usukani.

Je, Kiswahili kinazimudu tofauti hizo? Neno risasi, lenye asili ya Kiarabu, ni jina la madini na pia la kile kitokacho katika bunduki. Kirundi kina isasu. Kombora siku hizi husikika redioni kwa maana ya silaha inayojiendesha angani, hivyo likitumiwa kwa risasi ya mzinga litapotosha. Njia bora ni kutegemea vitenzi: risasi ya kutoboa, ya kuwasha, ya kulipuka. Mwanafunzi wa Gitega au Muyinga ataelewa bila kufungua kamusi.

Kasoro ya mchezo iko ardhini. Risasi iliyokosa shabaha hutimua vumbi, basi. Vijiji vina nyumba na barabara, lakini havina wakazi. Rubani anaweza kufa. Mwenye shamba lililo chini yake hayupo kabisa. Kwa msomaji wa Burundi, ambako vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwafanya wengi wavuke mpaka kutoka upande wa Muyinga kwenda Ngara, Tanzania, pengo hilo si dogo. Huku inajulikana kwamba risasi iliyomkosa mmoja huweza kumpata mwingine.

Kwa hiyo mwalimu atakayeutumia mchezo huu darasani asiishie kwenye msamiati. Kutoboa na kuwasha ni vitenzi elekezi, vinadai shamirisho. Mchezo umeijaza nafasi hiyo kwa bawa, injini na tangi. Wanafunzi wapewe insha yenye swali moja: risasi iliyokosa ndege ilikwenda wapi, na ilimkuta nani? Hapo watajifunza sarufi, na watasema pia kile ambacho mchezo umekinyamazia.