Kamera iliyo mgongoni mwa Lara

Wanaolaumu jinsi wanawake wanavyoundwa kwenye michezo ya video huanzia kwenye nguo. Mimi huanzia kwenye kamera, maana nguo hubadilika toleo hadi toleo na kamera ikabaki palepale.

Chukua Tomb Raider, iliyotoka mwaka 1996 katika studio ya Core Design mjini Derby, Uingereza. Waundaji wake walikuwa na kazi ngumu ya kiufundi: mchezaji anaruka kutoka mwamba hadi mwamba, kwa hiyo lazima aione miguu ya Lara Croft, mhusika anayemwongoza, na ukingo anaoukanyaga. Kamera ikawekwa nyuma yake, juu kidogo. Hesabu ilikuwa sahihi. Ila aliyeshika maneti, yaani kidhibiti cha mchezo, sasa anakaa saa nyingi akitazama mgongo, kiuno na kaptula ya mwanamke asiyejua kwamba anatazamwa. Wauzaji wakang'ang'ania hapohapo. Toby Gard, aliyembuni Lara, aliondoka studio mwaka 1997, na moja ya sababu ilikuwa kutopendezwa na namna alivyokuwa akitangazwa.

Mwaka 2013 studio ya Crystal Dynamics ilimrudisha Lara akiwa msichana mwenye suruali ndefu na matope usoni. Alisifiwa sana. Lakini kamera ilibaki mgongoni, na ukikosea njia mchezo unakuonyesha kwa karibu chuma kikimpenya shingoni. Mwili ulifunikwa, ukaendelea kuwa maonyesho.

Linganisha na mpira, ambao vijana wengi wa huku Kalemie ndio wanaoupenda. Mchezo wa video wa FIFA 16 ulipoingiza timu za taifa za wanawake mwaka 2015, kamera ya kawaida ilikuwa ileile ya jukwaani. Kutoka kule juu unaona pasi, mbio na nafasi. Kiuno cha mtu hakikuhusu.

Sisi wa Kalemie, watu wa ziwani, tunamjua mwanamke mwingine aliyechorwa ili atamaniwe: mamba muntu. Miaka ya 1970, jimbo la Katanga lilipoitwa Shaba, picha zake zilitundikwa sebuleni, na Johannes Fabian pamoja na Ilona Szombati-Fabian waliziandikia utafiti. Wachoraji hawakuogopa uzuri: nywele ndefu, kifua wazi, saa mkononi, mkia wa samaki, mara nyingi na nyoka. Lakini angalia walivyompanga. Kwa kawaida amekaa akikuelekea wewe uliye sebuleni. Na masimulizi yake yana masharti: ukipata nywele au kitana chake, anakujia ndotoni kukidai, na utajiri anaokupa una siri ya kutunza na gharama ya kulipa. Sidai kwamba wachoraji wale walikuwa watetezi wa wanawake. Nasema tu kwamba kwao jicho la mtazamaji lilikuwa na deni.

Kwenye michezo ya video jicho hulipwa. Metroid ya Nintendo, mwaka 1986, inamficha Samus Aran ndani ya vazi la chuma mchezo mzima. Ukimaliza polepole, anabaki hivyo hivyo. Ukimaliza chini ya saa moja, anatokea na bikini. Hapo hakuna mchoraji mwenye tamaa pekee. Kuna saa inayohesabu na sharti lililoandikwa kwenye programu kwamba kasi yako inanunua ngozi yake.

Mchezo unaonivutia zaidi ni Nier: Automata wa mwaka 2017, ulioongozwa na Yoko Taro. 2B, roboti askari, amevaa sketi fupi na viatu vya visigino virefu, na macho yamefungwa kitambaa cheusi. Hata hivyo, ukiishusha kamera kumchungulia chini ya sketi, anaisukuma na kujiondoa. Ili hilo litokee programu lazima ijue pembe ya kamera dhidi ya mwili wake, yaani mtu alikaa akaandika jibu la kitendo chako. Kwa dakika moja nilidhani mamba muntu amepata mdogo wake. Kumbe mchezo unahesabu: chungulia mara 10, na kwenye PlayStation unapewa kikombe.