Rangi Si Sheria

Wapenzi wa ndege ndogo za kuongozwa kwa redio hurithishana ushauri mmoja: ukipata sevo ya zamani, kata plagi yake, unga mpya, linganisha rangi za nyaya. Nami niliufuata kwa miaka. Leo naupinga.

Futaba na JR, zote za Japani, ziliweka waya chanya katikati, nao ni mwekundu. Lakini hasi kwa Futaba ni mweusi, kwa JR ni wa kahawia. Wa ishara ni mweupe huku, wa chungwa kule. Watengenezaji wengine wa zamani waliweka chanya pembeni. Basi atazamaye rangi asitazame nafasi aweza kuiunguza sevo kabla haijasogea.

Tena kukata si lazima kila mara. Plagi ya Futaba huzuiwa na ukingo mdogo wa plastiki tu, wembe hutosha. Kiungo kibovu kikiachia angani, usukani hufa, na chini wamesimama watu.

Sevo ya zamani haina kosa. Kosa ni la fundi ashikaye mkasi kabla ya kujua kazi ya kila waya.