Kurefusha Si Kukuza

Wapo wasomi wengi, na hata baadhi ya walimu wao, wanaodhani kuwa tasnifu ni makala ya semina iliyonenepeshwa. Mwanafunzi aliyeandika kurasa 18 huambiwa sasa alete 60, naye huenda akatafuta cha kujazia pengo. Katika miaka yangu ya kuongoza shule, na ya kuwafunda walimu chuoni, nimesoma maandishi mengi ya namna hiyo. Hivi karibuni kijana mmoja wa ukoo wetu, anayesomea usanifu majengo, amenipa maandishi yake mawili: makala ya semina, na rasimu ya tasnifu ya shahada ya kwanza iliyotokana nayo. Nimeyasoma yote kalamu mkononi, na hukumu yangu ni kwamba makala inaishinda tasnifu.

Makala iliuliza jambo moja dogo: kwa nini vyumba vya nyumba za mawe za pwani yetu ni virefu lakini vyembamba? Jibu lake lilikuwa boriti. Dari ya nyumba hizo hubebwa na miti ya mikoko, na boriti ya mkoko haivuki kwa usalama zaidi ya mita 2.5 hadi 3 hivi. Kuta zikiachana zaidi ya hapo, boriti hazifiki. Basi fundi anayetaka nafasi hukirefusha chumba, hawezi kukipanua. La sivyo hujenga chumba kingine nyuma ya kile cha kwanza. Kijana alikwenda mwenyewe Mji Mkongwe, Unguja, akapima nyumba moja chumba kwa chumba, akachora ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa na jinsi boriti zinavyoingia humo. Mchoro ule hauna madoido, lakini ukiutazama unaelewa jinsi nyumba inavyosimama. Chanda chema huvikwa pete, nami namvika.

Tasnifu je? Inaanza na Sayyid Said kuhamishia makao yake Unguja, inapita Mapinduzi ya 1964, inafika mwaka 2000, Mji Mkongwe ulipoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja linaloeleza upana wa chumba. Swali lililokuwa ukurasa wa kwanza sasa liko ukurasa wa 31, na mchoro umesukumwa nyuma kwenye viambatisho. Namwelewa. Mwanafunzi huogopa kuwa kidogo alichokiona kwa macho yake hakina uzito mbele ya vitabu vya wakubwa. Hofu hiyo hupandwa na walimu wanaotoa alama kwa unene wa jalada.

Kukuza makala ni kulipa jibu lake mpinzani, na mpinzani yupo Kilwa Kisiwani. Katika karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta huko mwaka 1331, mafundi waliupanua Msikiti Mkuu na kuuezeka kwa kuba na matao ya mawe. Kuba halihitaji boriti. Ikiwa ufundi huo ulijulikana, kwa nini nyumba za Songo Mnara, kisiwa jirani, na baadaye za Lamu na Unguja, ziliendelea kuwa na vyumba vyembamba? Je, ni gharama? Au ni kwa kuwa juu ya kuba ni vigumu kuweka ghorofa? Au wembamba wenyewe ulipendwa, maana vyumba vilivyofuatana humtenga mgeni na watu wa ndani? Hapo boriti haiwi tena jibu, bali moja ya majibu yanayoshindana, na kijana atalazimika kutetea alichokichagua. Utetezi huo hauko katika sura ya historia. Uko kwenye futi ya kupimia na nyumba tatu badala ya moja.

Tena jambo hili lina haraka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka na watu wakapoteza maisha. Habari za Sayyid Said zimo vitabuni na zitaendelea kuwamo. Lakini nyumba ambayo hakuna aliyeipima, ikianguka, huondoka na vipimo vyake.

Kwa hiyo nimemwandikia pembeni: futa kurasa 30 za mwanzo, rudisha mchoro mbele, nenda ukapime nyumba mbili zaidi. Najua itamuuma, kwani kurasa hizo zilimla likizo nzima. Pengine tasnifu itatoka na kurasa 40 tu. Lakini mtahini atapata humo dai la kubishana nalo, na kijana atakuwa na vipimo vyake mwenyewe vya kumjibia.