Brashi Isiyorudi Nyuma

Mabasi ya watalii yanayotoka Perugia kuzungukia miji ya vilimani ya Umbria, Italia, hupita Deruta, mji wa wafinyanzi, haraka, yakiwahi Todi au Orvieto. Kwa msafiri mwenye siku moja tu, ningemshauri aache mji mmoja katika orodha yake ili apate nafasi ya kuketi katika karakana ya hapa na kutazama sahani ikitengenezwa.

Kazi huanza kwa kukanda. Fundi huligandamiza bonge la udongo mezani, huligeuza, huligandamiza tena mpaka hewa yote imetoka, maana kiputo kimoja kikibaki kinaweza kukiharibu chombo. Ndipo hulibandika katikati ya gurudumu na kulowesha mikono. Udongo huyumba kidogo, kisha hutulia chini ya viganja. Ukingo hupanuka, sahani hulala, waya hupitishwa chini yake, nayo hupelekwa kivulini. Kukauka hakuharakishwi: ukingo ukikitangulia kitako, sahani hupinda. Ikishakauka huchomwa kwa joto la karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi, ikatoka ngumu na nyekundu hafifu.

Ndani ya pipa kuna maji mazito meupe, yenye unga wa kioo na oksidi ya bati. Maarifa ya kupaka weupe huu yalianzia Iraq katika karne ya 9, kwa wafinyanzi waliotamani weupe wa kaure ya China, yakafika Italia kwa njia ya Uhispania. Vipande vya vyombo hivyo vya Iraq vimefukuliwa pia Manda na Shanga, katika visiwa vya Lamu. Fundi huishika sahani kwa ncha za vidole, huizamisha na kuitoa kwa mzungusho mmoja wa kiganja. Akikawia, tabaka huwa nene mno na huweza kubanduka.

Mchoraji ndiye niliyemtazama kwa muda mrefu kuliko wote. Weupe ule umeshakauka ukawa unga, nao hunyonya maji kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Brashi ikigusa, rangi imeingia, hakuna kuifuta. Kwanza hutandaza karatasi iliyotobolewa kwa sindano kufuata mistari ya picha, akaigongagonga kwa kifuko cha kitambaa chenye vumbi la mkaa. Akiinua karatasi, vitone vyeusi vimebaki kumwongoza, na moto utaviunguza vyote. Kisha huiweka sahani kwenye kigurudumu kidogo, huegemeza mkono juu ya ubao, na kuisukuma sahani kwa mkono wa pili. Brashi haisogei, sahani ndiyo inayozunguka chini yake, mpaka mstari unakutana na mwanzo wake. Niliutafuta muungano huo, sikuuona.

Linalonishangaza zaidi ni kwamba huchora kwa rangi asizoziona. Oksidi ya kobalti ni unga mweusi. Buluu yake huzaliwa motoni. Kivuli cha shavu au cha bawa la joka hukipata kwa kuongeza maji kwenye rangi ileile, akipima kwa kumbukumbu tu jinsi kitakavyokolea. Cipriano Piccolpasso, aliyeandika kitabu juu ya ufinyanzi huu mnamo miaka ya 1550, anasema brashi zilitengenezwa kwa manyoya ya mbuzi na ya punda, na za kazi nyembamba kabisa kwa sharubu za panya.

Sahani hurudi tanurini kwa nyuzi zaidi ya 900. Tanuri haifunguliwi mpaka ipoe, hata kama mnunuzi anasubiri mlangoni.

Mafundi wa karne ya 16 waliongeza moto wa tatu, hafifu na wa moshi mwingi, uliogeuza chumvi za shaba na fedha kuwa mng'ao wa dhahabu. Piccolpasso anaeleza kwamba katika vyombo 100 mara nyingi havikupatikana hata 6 vizuri. Baadhi ya vilivyosalimika vimo katika jumba la makumbusho la Deruta, lililoanzishwa mwaka 1898. Ni sahani kubwa zenye nyuso za wanawake, na vitako vya nyingi vilitobolewa udongo ukiwa bado mbichi ili kupitisha kamba ya kuzitundikia ukutani.