Mshairi na Mbwa

Katika sinema «Reuben, Reuben» ya mwaka 1983, Tom Conti ni Gowan McGland, mshairi wa Scotland anayezunguka Marekani akinywa pombe ya wenyeji wake na kuwapotosha wake zao. Twacheka, maana ulimi wake mtamu. Lakini wanawake wale wanapitwa mbio mno, hapo siisifu. Mume mmoja, mganga wa meno, analipiza kisasi mdomoni mwake. McGland anajitia kitanzi. Mara shairi linamrudia, naye ataka kuishi. Ndipo mbwa Reuben anamrukia kwa furaha, na kitanzi kinakaza. Kwanza nilimkasirikia mtungaji. Sasa nakubali: McGland naye aliwarukia watu vivyo hivyo, kwa mapenzi, bila kuangalia wamesimama wapi.