Kimathi katika Mizani ya Tamthilia

Fasihi ya kihistoria humhukumu jemadari baada ya mahakama kumaliza kazi yake. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa Nyeri kwa kosa la kupatikana na bastola, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Tangu hapo sifa yake imeshtakiwa na kutetewa jukwaani.

Katika tamthilia ya Kenneth Watene (1974) Kimathi ni kiongozi aliyeelemewa na shaka, asiyewaamini hata wenzake msituni. Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo (1976), ambao tamthilia yao ilitafsiriwa kwa jina la Mzalendo Kimathi, wanamfanya sauti ya wanyonge wote, asiyeitambua mahakama ya mkoloni.

Kumbukumbu za kesi, zilizochapishwa mwaka 2017, zinamwonyesha Kimathi akijitetea kwamba alikuwa njiani kujisalimisha. Je, tamthilia ya 1976 imesema uwongo? La hasha. Haikukusudia kunakili kesi, bali kumnyang'anya mkoloni haki ya kutoa hukumu ya mwisho. Hata hivyo ushindi huo una gharama yake: shujaa asiyejua hofu hamwonyeshi msomaji jinsi watu wenye hofu walivyothubutu kupigana. Ebrahim Hussein aliuepuka mtego huo katika Kinjeketile (1969). Mhusika wake ana mashaka, na ukuu wake haupungui.

Lakini kasoro iliyo kubwa zaidi wanaishiriki Watene na wapinzani wake: vita vizima wamemtwika mtu mmoja. Msomaji wa Karurumo, katika Embu, analijua jina la Jenerali Kubukubu. Jirani yake wa Meru anamjua Musa Mwariama, aliyetoka msituni mwaka 1963, na Baimungi, aliyeuawa mwaka 1965 na vikosi vya serikali ya Kenya huru. Tamthilia hizi mbili hazikuwapa hao nafasi ya kusimama katikati ya jukwaa.

Kumtetea aliyenyongwa na mkoloni si kazi ngumu tena. Sanamu ya Kimathi imesimama Nairobi tangu mwaka 2007. Mwandishi atakayempandisha Baimungi jukwaani hatakuwa na hakimu Mwingereza wa kumlaumu. Atalazimika kuihoji dola ya wananchi wenyewe, na hapo ndipo ujasiri wa fasihi yetu ya kihistoria utakapopimwa.